Mtoto akilala kambini: mambo ambayo mama na mlezi anapaswa kuyaona

Oktoba 2019 mvua kubwa zilinyesha mkoani Tanga. Handeni na Korogwe zilikumbwa na mafuriko, watu wakapoteza maisha, nyumba na mashamba. Barabara ya Korogwe–Handeni ilikatika baada ya daraja kusombwa na maji. Mwaka uwao wote mvua za vuli au masika zikizidi, familia hulazimika kuhama ghafla na kujihifadhi kwa ndugu, shuleni, kanisani, msikitini au kwenye mahema.

Makazi hayo ni ya muda, lakini mwili wa mtoto haujui neno "muda". Siku tatu za maji machafu zinatosha kumwangusha. Ndiyo maana kuna viwango vya huduma vinavyotumika duniani kote wakati wa maafa. Vijue, ili uweze kuviulizia bila woga. Kuuliza si utovu wa shukrani, maana anayejua anakosa nini ndiye anayeweza kusaidiwa haraka.

Mahali pa kulala

Kila mtu anapaswa kupata angalau mita 3.5 za mraba za kulala na kukaa. Tuchukue darasa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 7. Hilo lina mita 56 za mraba, kwa hiyo linatosha watu 16. Wakilala 40, kikohozi cha mmoja kinakuwa cha wote, na surua husambaa haraka sana. Mkiona mmebanana hivyo, mwambieni msimamizi wa kambi awagawe. Kama haiwezekani siku hiyo, fungueni madirisha, walazeni wanaokohoa upande mmoja, na msipikie ndani.

Mtoto asilale kwenye sakafu tupu yenye unyevu. Tandika mkeka au turubai chini, kisha mfunike vizuri. Chandarua chenye dawa ni cha lazima, kwa sababu maji yakituama mbu huongezeka na malaria hufuata. Vyandarua vikiwa vichache, waanze watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito.

Maji, sabuni na choo

Kiwango cha chini ni lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi. Familia ya watu sita inahitaji lita 90, yaani ndoo nne na nusu za lita 20. Bomba au kisima kisiwe mbali zaidi ya mita 500.

Maji ya mto au ya bondeni baada ya mafuriko hubeba kinyesi, hata yakionekana meupe. Yachemshe mpaka yatokote, au yatibu kwa dawa ya klorini kwa kufuata maelekezo ya kwenye pakiti. Yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na uyachote kwa kata yenye mpini, si kwa kikombe kinachoshikwa na kila mkono.

Mwanzoni mwa maafa choo kimoja kinaweza kutumiwa na watu 50, lakini lengo ni watu 20. Vyoo vya wanawake viwe mbali na vya wanaume, vifungike kwa ndani, na usiku kuwe na mwanga. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kina vijidudu, hivyo kitupe chooni. Nawa mikono kwa sabuni kila utokapo chooni, kila umsafishapo mtoto, na kabla ya kumlisha.

Kunyonyesha na chakula

Akina mama wengi husema, "Maziwa yangu yamekauka kwa hofu." Hofu na uchovu vinaweza kuchelewesha maziwa kutoka, lakini haviyamalizi. Keti mahali patulivu, mweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, na mnyonyeshe mara kwa mara. Kadiri anavyonyonya ndivyo maziwa yanavyotengenezwa. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji kitu kingine, hata maji.

Ukipewa maziwa ya kopo kama msaada, usianze kuyatumia kabla ya kuongea na mhudumu wa afya. Yakichanganywa na maji yasiyo salama kwenye chupa isiyochemshwa, yanaweza kumletea mtoto kuhara kunakoua. Mtoto asiye na mama, au ambaye mama yake hawezi kunyonyesha, anahitaji mpango maalumu wa mhudumu wa afya.

Kuanzia miezi sita, mwongezee uji mzito na vyakula laini huku ukiendelea kumnyonyesha. Omba mtoto wako apimwe mkono kwa utepe wa lishe. Kwa umri wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo cha chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu mara moja. Kati ya 11.5 na 12.5 anahitaji kufuatiliwa na kuongezewa lishe.

Chanjo na dawa za kila siku

Kama kadi ya kliniki imesombwa na maji, usikae kimya. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, eleza mtoto alipochanjwa na chanjo unazozikumbuka, naye afunguliwe kadi nyingine. Chanjo ya surua ina uzito wa pekee kambini. Kwa kawaida hutolewa miezi 9 na miezi 18, lakini wakati wa dharura inaweza kutolewa kuanzia miezi 6. Mtoto aliyechanjwa mapema hivyo bado atahitaji dozi zake za kawaida.

Mtoto mwenye selimundu, kifafa, pumu au anayetumia dawa za VVU asikatishe dawa. Mwambie mhudumu wa afya faraghani siku ileile mnayofika.

Akianza kuhara

Mpe maji ya ORS mapema. Pakiti ya lita moja huchanganywa na lita moja kamili ya maji salama, na yakibaki baada ya saa 24 hutupwa. Mpe kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole. Omba pia vidonge vya zinki, umpe kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Usimnyime ziwa wala chakula.

Usingoje kupambazuke

Mpeleke kwa mhudumu wa afya mara moja ukiona dalili hizi:

- hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu
- amepata degedege, amelegea sana au hazinduki
- anapumua haraka: mara 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, mara 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5
- anahara maji mengi kama ya mchele, au kinyesi kina damu
- macho yamebonyea
- ana homa. Apimwe malaria kabla ya kupewa dawa
- mtoto mchanga ana homa au mwili wake ni wa baridi

Barabara ikiwa imekatika, safari huchukua muda mrefu kuliko ulivyozoea. Toa taarifa mapema ili usafiri utafutwe.

Ulinzi wa mtoto

Mfundishe mtoto jina lake kamili, la mzazi na la kijiji chake. Asiende chooni wala kuchota maji peke yake gizani. Usimkabidhi kwa mtu anayeahidi kumsomesha au kumtafutia kazi mjini. Ukimkuta mtoto aliyepotezana na wazazi, mpeleke kwa mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii aandikishwe, badala ya kumchukua kimyakimya hata kwa nia njema. Huenda mama yake anamtafuta kambi ya jirani.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Unaweza pia kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kupiga simu namba 116 bila malipo.

Anzia wapi?

Leo jioni, kaeni akina mama na walezi wa chumba kimoja. Hesabuni watu mnaolala humo, ndoo za maji mlizopata na vyoo vinavyofanya kazi. Andikeni pia watoto wanaohara, wanaokohoa na wasio na chandarua. Chagueni wawili wapeleke hesabu hiyo kwa msimamizi wa kambi au mhudumu wa afya wa jamii. Ni rahisi kusahau lalamiko la mtu mmoja, lakini karatasi yenye namba, iliyoletwa na watu wa chumba kizima, inadai jibu.