Soma Namba Katika Majibu ya Titi

Mama akigundua uvimbe katika titi huanzia zahanati. Kutoka hapo anaweza kupelekwa Hospitali ya Magunga, hapa Korogwe, au Bombo kule Tanga, apigwe picha ya altrasaundi. Kipimo hiki hutumia sauti ambayo sikio halisikii. Hakichomi.

Majibu mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Usivunjike moyo. Tazama mwishoni mwa karatasi kama pana herufi BI-RADS na namba, kuanzia 0 hadi 6. Utaratibu huu ni wa madaktari wa picha wa Marekani, nao waliuingiza katika altrasaundi mwaka 2003. Kama hakuna namba, mwulize daktari.

Jihadhari na 0. Haina maana kwamba hakuna ugonjwa! Maana yake picha haikutosha, na kipimo kingine kinatakiwa. Mama mwenye 0 akirudi shambani akidhani ni mzima, ameacha kazi katikati.

Namba za kufurahia ni 1 na 2. 1 ni kwamba hakuna kasoro iliyoonekana. 2 ni kwamba kipo kitu, lakini si saratani, kama vile kifuko cha maji.

Namba 3 yaelekea si saratani. Kati ya wanawake 100 wenye namba hiyo, wenye saratani hawazidi 2. Kwa kawaida utaambiwa urudi baada ya miezi 6. Ukipimwa Machi, wakati wa kupanda mahindi, rudi Septemba. Andika tarehe hiyo ukutani.

Namba 4 ni shaka. Inaweza kuwa ndogo au kubwa, kwa hiyo sindano huchukua kinyama kidogo kipimwe maabara. Wapo wanaosema sindano hiyo husambaza ugonjwa. Si kweli. Namba 5 ni shaka kubwa sana, watu 95 au zaidi kati ya 100, lakini bado maabara ndiyo inayothibitisha. 6 ni ya mtu ambaye saratani yake imekwisha thibitishwa.

Namba hizi si hatua za ugonjwa. 4 si saratani ya hatua ya nne. Baba, usimwache mkeo nyumbani akilia kwa sababu ya namba, tafuteni nauli. Ikithibitishwa, matibabu yapo, kama pale Ocean Road, Dar es Salaam. Mwende na karatasi ile na picha za zamani, daktari azilinganishe.