Kabla ya Piramidi, Kunduchi

Likizo ndefu zikikaribia, majirani zangu hapa Madale huniuliza kuhusu safari ya Misri: tiketi ya Cairo, viza, na kama watoto wataliweza jua la jangwani. Huwajibu kwa moyo wote kwamba waende wakijaaliwa. Piramidi ya Khufu imesimama zaidi ya miaka 4,500, na ukubwa wake hauingii kwenye picha. Lakini huwapa sharti moja: kabla ya kupanda ndege, wakaone kwanza mji wa kale ulio jirani yetu, Kunduchi. Ni safari ya daladala hadi Tegeta, nyingine hadi Mtongani, kisha bajaji.

Siwaambii hivyo kwa uzalendo peke yake. Gofu ni kitu cha kusomwa, na kusoma ni lazima mtu ajifunze. Aliyejua kuusoma ukuta wa Kunduchi atauelewa na ukuta wa Luxor. Asiyejua atarudi kutoka kote kuwili na picha za kuta zilizobomoka. Kwa hiyo leo naeleza mambo ya kutazama: jiwe, kibla, kaburi, kigae, na mwisho mji unaoishi kando ya gofu.

Jiwe lililotoka baharini

Anza na jiwe. Kila mkazi wa Madale anakijua kilima cha Wazo na kiwanda chake cha saruji, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Kiwanda kiliwekwa pale kwa sababu ya jiwe la chokaa, na asili ya jiwe hilo ni matumbawe: miamba iliyojengwa na viumbe wadogo wa baharini, ikabaki nchi kavu baada ya bahari kurudi nyuma na ardhi kuinuka. Magofu ya Kunduchi yamejengwa kwa jiwe la ukoo huohuo. Sogelea ukuta uliobanduka lipu, uutazame bila kuukwangua. Utaona vitundu vidogo vilivyopangana kama sega la asali. Kila kitundu kilikuwa makao ya kiumbe mmoja.

Waashi wa pwani walilitumia tumbawe kwa njia tatu. Lile gumu la nchi kavu lilichongwa vipande, likajenga kuta. Lile lililokatwa baharini likiwa bado bichi ni laini, hukubali patasi, kisha hukauka na kuwa gumu, kwa hiyo lilihifadhiwa kwa kazi za urembo: kibla, miimo ya milango, maandishi ya makaburini. Njia ya tatu ilikuwa kulichoma. Vipande vilipangwa juu ya rundo la magogo na moto ukawashwa. Joto huitoa hewa ya ukaa ndani ya jiwe, na kinachobaki kikimwagiwa maji huwa chokaa. Chokaa ikichanganywa na mchanga na kupigwa ukutani, huanza kuinyonya tena hewa ya ukaa kutoka angani na polepole hurudi kuwa jiwe. Ndiyo maana ukuta wa kale haukauki mara moja ukaishia hapo. Huendelea kukomaa kwa miaka.

Saruji ya Wazo nayo huanzia kwenye jiwe la chokaa, ila huchomwa pamoja na udongo wa mfinyanzi kwa joto kali zaidi. Nyumba mpya ya Madale na msikiti wa kale wa Kunduchi, basi, vina asili moja. Hata mawe mengi ya piramidi pale Giza ni ya chokaa yenye mabaki ya viumbe wa bahari iliyokauka mamilioni ya miaka kabla ya mafarao. Ukienda huko, tafuta kwenye jiwe vile vijiduara bapa vinavyofanana na dengu.

Baada ya jiwe, pima upana wa vyumba. Mapaa ya nyumba za mawe za pwani yalibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haihimili paa la mawe na chokaa kwa upana unaozidi sana mita 3. Ndiyo sababu vyumba vya kale, iwe Kunduchi, Kilwa au Bagamoyo, ni virefu na vyembamba, na msikiti uliotaka upana ulilazimika kuwekwa nguzo katikati. Mti wa mkoko ndio uliompangia mwashi vipimo vyake.

Kibla na kaburi

Kunduchi utakuta mabaki ya msikiti, ambao wataalamu huuweka kwenye karne ya 15 au 16, na makaburi mengi ya baadaye, hasa ya karne ya 18 na 19, yaliyotawanyika kati ya mibuyu. Fungua dira ya simu yako. Makka iko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa longitudo na Dar es Salaam, takriban digrii 39 mashariki, kwa hiyo hapa kwetu kibla ni kaskazini. Ukuta wa kibla wa msikiti wowote wa kale wa pwani hii unaelekea huko, na makaburi yamelala mashariki kwa magharibi ili maiti aelekezwe kibla. Mtoto wa darasa la tano akishajua jambo hili moja, anaweza kuingia kwenye gofu asilolifahamu na kulitambua kama lilikuwa msikiti au nyumba.

Makaburi yenye nguzo ndiyo fahari ya mahali hapa. Juu ya kaburi la mtu mwenye cheo ilisimamishwa nguzo ya mawe na chokaa, wakati mwingine mraba, wakati mwingine mviringo au yenye pembe nyingi. Mtindo huu ni wa pwani yetu, kuanzia Somalia hadi Tanzania, na umetokana na mikono ya waashi wa huku. Kwenye baadhi ya nguzo zilipachikwa sahani na mabakuli ya kauri kutoka China. Mengi yaling'olewa zamani, mengine yamehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Simama mbele ya nguzo utazame shimo la mviringo lililobaki. Ukingoni mwake chokaa bado inashika umbo la bakuli, na katikati mara nyingine unaonekana mduara mdogo wa kitako chake. Kutokana na alama hiyo mtaalamu hupima ukubwa wa chombo ambacho hakipo tena.

Kauri hizo hazikuhitaji merikebu ya Wachina kufika hapa. Zilipita mkono kwa mkono, kutoka China hadi India, hadi Ghuba ya Uajemi na Arabuni, kisha zikashuka na majahazi ya kaskazi katika miezi ya mwisho na ya mwanzo ya mwaka. Kusi ilipoanza kuvuma, majahazi yalirudi na pembe za ndovu na boriti.

Misri pia ilikuwa kwenye njia hizo tangu kale. Katika karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alieleza safari ya kutoka bandari za Bahari ya Shamu hadi Rhapta, mji wa mwisho wa biashara kwenye pwani yetu, palipopatikana pembe za ndovu na magamba ya kasa, na ambako vyombo vilishonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari. Ptolemaio wa Alexandria naye aliutaja mji huo karne iliyofuata. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametetea kwa miaka mingi hoja kwamba Rhapta ilikuwa maeneo ya delta ya Rufiji. Mtanzania anayekwenda Misri leo anapita kwenye uhusiano wa miaka 2,000.

Kigae kiachwe kilipo

Mgeni wa kwanza hutafuta kauri ya China. Mtaalamu huinama kwanza kwenye vigae vyekundu na vyeusi, vya vyungu vilivyofinyangwa na kina mama wa huku, maana ndivyo vilivyo vingi kupita vyote katika miji ya kale ya pwani. Vyungu hivyo ndivyo vilivyowaonyesha watafiti kwamba miji hii ilikua kutoka vijiji vya Waafrika wakulima na wavuvi, kinyume na waandishi wa zamani walioitangaza kuwa makoloni ya wageni. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliopima mifupa kutoka miji kadhaa ya kale ya Kenya na Tanzania, ulionyesha kuwa tangu takriban mwaka 1000 watu wa miji hiyo walikuwa na damu ya Afrika na ya Asia, hasa Uajemi, kwa kuoana.

Hayo yote yalijulikana kwa sababu kila kitu kilikutwa mahali pake. Kigae kilicho chini ya sakafu kina umri mkubwa kuliko sakafu. Kilicho juu yake kilikuja baadaye. Ukikiokota ukakitia mfukoni, umekiondolea ushahidi wake, na nyumbani kwako kinabaki kipande cha udongo tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na hairuhusu mtu kuchimba bila leseni. Kwa hiyo lipa kiingilio, dai risiti, vaa nguo ya heshima kwa sababu pale ni makaburini, na usimpandishe mtoto juu ya ukuta kwa ajili ya picha.

Gofu na mji wake

Wageni wengi wanaopumzika Hurghada, kwenye fukwe za Bahari ya Shamu, hupanda basi alfajiri kwenda Luxor, wakazunguka mahekalu na kurudi hotelini usiku. Wenye haraka hukosa jambo kubwa la Luxor: ndani ya hekalu la mafarao umo msikiti wa Abu al-Haggag, na mpaka leo watu wanaswali humo. Gofu na mji ulio hai vimeshikana.

Kwetu ni vivyo hivyo. Ukimaliza makaburi, shuka Kunduchi Pwani, ukaone wavuvi wakipakua samaki na mafundi wakikarabati ngalawa. Waheshimu wazee utakaowakuta na uwaulize. Wao huijua bamvua na maji mafu kuliko kitabu chochote. Mahoteli ya ufukweni yako karibu kwa anayetaka watoto waogelee. Mwenye nafasi avuke kwa boti hadi Mbudya, mojawapo ya visiwa vilivyotangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, avae miwani ya kuzamia na kutazama matumbawe yaliyo hai. Hapo somo la jiwe linakamilika: ameliona hai Mbudya, limejengewa Kunduchi, na linachimbwa Wazo.

Siku nyingine chukua basi la Bagamoyo. Shuka kwanza Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, ambako kuna msikiti unaotajwa kuwa wa karne ya 13, miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya Tanzania Bara. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba pale mwaka 1958. Tazama mikoko iliyojaa mbele ya magofu: bandari ya Kaole ilizibwa na matope, na biashara ikahamia Bagamoyo. Kuna kaburi ambalo hadi leo watu huliendea na dua zao, kwa hiyo nyamaza ukimkuta mtu hapo.

Bagamoyo penyewe panahitaji siku nzima: Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na mahali ulipolazwa mwili wa Livingstone mwezi Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Hata Misri imo. Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya serikali ya Misri, aliwasili hapa na Stanley tarehe 4 Desemba 1889, na usiku huohuo wa karamu ya kumpokea akaanguka kutoka ghorofani na kuumia vibaya.

Mchanga wa nyumba zetu

Nimeacha kwa makusudi jambo linalonikera hadi mwisho. Ufukwe wa Kunduchi unaliwa na bahari, na wataalamu wamelieleza hili tangu miaka ya 1980. Hoteli ya Africana, ambayo jina lake limebaki kwenye kituo cha daladala, ilikuwa kati ya zilizoathirika sana. Chanzo kimojawapo kipo huku juu kwetu. Mito kama Tegeta na Mbezi ndiyo inayoupelekea ufukwe mchanga wake. Mchanga ukichimbwa mtoni kwa ajili ya ujenzi, ufukwe unakosa chakula chake, na mawimbi huanza kula ardhi. Uvuvi wa baruti nao ulivunja miamba ya matumbawe iliyokuwa ikipunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nchi kavu.

Madale imejaa nyumba kwa kasi, na kila nyumba ilihitaji mchanga. Sisi tulio juu ya kilima tumeshiriki, wengi bila kujua, kuudhoofisha ufukwe ambao nyuma yake kuna mji wa mababu. Kwa hiyo walimu wa Madale, Wazo na Tegeta wawapeleke wanafunzi Kunduchi na wawaonyeshe mto pamoja na makaburi, kwa sababu ni somo moja. Na wewe unayejenga, kabla hujamlipa mwenye lori, muulize mchanga umechimbwa wapi na kibali chake kiko wapi. Akibabaika, mwache aondoke na mchanga wake.