Kuua Mdudu Hakutoshi: Namna Viuatilifu Vinavyopimwa kwenye Vitalu vya Maua

Kiuatilifu kilichosajiliwa kwa ajili ya nyanya au mahindi si lazima kiwe salama kwa waridi. Wakazi wa Kata ya Kumsenga, wilayani Kibondo, na wa maeneo mengine ya nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma wanaozalisha miche ya maua na miti ya mapambo wanapaswa kuifahamu tofauti hiyo kabla ya kujaza bomba la kupulizia.

Usajili wa viuatilifu nchini husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya Mwaka 2020 na kurithi kazi za iliyokuwa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu (TPRI), mkoani Arusha.

Majaribio ya kiuatilifu kwenye kitalu hujibu maswali mawili: je, kinaua kisumbufu kilichokusudiwa, na je, mmea unabaki salama? Miche ya aina moja hugawanywa katika mafungu. Fungu moja hupuliziwa kipimo cha kwenye lebo, jingine kipimo maradufu, na la tatu huachwa bila dawa ili liwe la kulinganishia. Kipimo maradufu huwekwa kwa sababu mpuliziaji hupita mara mbili mahali pamoja bila kukusudia. Si ruhusa kwa mkulima kuzidisha dawa. Kisha watafiti huhesabu wadudu waliobaki na kukagua majani: kuungua kingo, kugeuka manjano, kudumaa, au ua kufunguka likiwa limepinda.

Kwenye mahindi, doa la jani halipunguzi bei ya gunia. Mche wa mapambo huuzwa kwa sura yake, hivyo doa hilohilo ni hasara kamili.

Ugumu uko kwenye wingi wa aina. Hata waridi mbili za rangi tofauti zaweza kupokea dawa moja kwa namna tofauti, na kampuni chache hugharimia kupima kila mmea unaouzwa kwa uchache. Nchini Marekani pengo hilo huzibwa na mradi wa umma uitwao IR-4, ulioanza mwaka 1963 na kuingiza mimea ya mapambo mwaka 1977.

Mwenye kitalu anaweza kujikinga kwa njia nyepesi. Achague miche michache ya kila aina, aipulizie kwa kipimo cha lebo, aache mingine kando, na asubiri wiki moja hadi mbili kabla ya kupulizia kitalu kizima. Asifanye hivyo jua likiwa kali au miche ikiwa imenyauka kwa kiu; salfa na dawa zenye mafuta huunguza zaidi wakati wa joto. Asichanganye dawa mbili bomba moja kama lebo hairuhusu. Kiuatilifu ambacho lebo yake haitaji mimea ya mapambo kisitumike kabla ya kumwona afisa ugani.

Kibondo pia ni eneo la ufugaji wa nyuki, nao hufuata maua yaliyofunguka. Dawa za wadudu zenye onyo la nyuki kwenye lebo zisipuliziwe juu ya maua hayo. Zile zinazoruhusiwa zipuliziwe jioni, nyuki wakisharejea mizingani.