Plota ya Stika: Usiuze Shamba, Mwanangu

Oya wanangu wa Matiri, tuanze na aibu. Pita kijiweni kwa bodaboda asubuhi, cheki madigadi. "Mungu Kwanza." "Mungu Kwanza." "Mungu Kwanza." Fonti ile ile, nyekundu ile ile, na ile A ya mwisho imebanduka kwa wote kama walikaa kikao. Demu akipiga simu aletewe yule wa Mungu Kwanza, kijiwe kizima kinapiga kiki.

Ishu ni kwamba stika zinakuja zimeshakatwa. Anayekata yuko Songea au Dar, hakujui, hajui chombo chako unakiitaje, hajui kama wewe ni Simba au ndo ulishapotea njia. Sisi huku kazi yetu kubandika tu.

Dili liko wazi, kukatia huku huku, na kila mwenye bando kaliona. Siku hizi kila mshkaji anataka plota. Kaangalia rili: dada wa Kizungu, kucha ndefu, kimashine cheupe kinakata ua kwa adabu, muziki laini, sebuleni hakuna hata inzi. Mshkaji kadata. Anapiga hesabu za kuuza shamba la kahawa la urithi.

Tulia. Usiuze shamba. Kaa hapa nikuchane.

Kwanza hii ngoma sio printa. Rudia na mimi: sio printa. Haina wino. Ina kisu kidogo hivi, ncha yake mpaka usogeze jicho, na kinajigeuza chenyewe kufuata kona. Kichwa kinakimbia kushoto kulia, rola zinavuta stika mbele na nyuma, herufi inatoka. Kisu kinapasua stika ya juu tu, karatasi ya chini inabaki bikira. Mchezo wote ndo huo. Nilimwelezea mshua hivi hivi, taratibu, na mikono juu. Akaniangalia weee. "Mkasi si upo?"

Asante mshua. Endelea na komoni yako.

Kile kimashine cha kwenye rili ni Cricut, cha Marekani. Kila mtu anakitaja kwa sababu ndo jina pekee analolijua. Kitamu, sikatai. Maker 3 na Explore 3 zilipoingia sokoni 2021 ziliuzwa dola 399 na dola 299. Piga kwa 2,500 tu, bila usafiri, bila VAT ya asilimia 18, bila yule jamaa wa kukubebea: Maker inagonga karibu milioni, Explore laki saba na nusu. Unapata upana gani? Inchi 12. Sentimita 30, mwanangu! Ubavu wa bajaji utaukata vipande vipande. Mdogo wao, Joy, alitoka 2020 kwa dola 179 na anakata inchi 4 na nusu. Hiyo ni lebo ya kopo la karanga.

Ila bei sio noma kubwa. Noma ni bando. Programu yake inaitwa Design Space, inataka akaunti, na kazi nyingi inataka uwe mtandaoni. Sasa wewe upande kichuguu kutafuta mtandao ili ukate "Mama Lishe wa Stendi"? Halafu kuna usajili wa kama dola 10 kwa mwezi ukitaka picha na fonti zao zote. Elfu 25 hiyo, na inakatwa hata mwezi ambao wewe hujakata kitu. Na hawa watu wana rekodi. Machi 2021 walitangaza kwamba asiyelipa usajili atapandisha dizaini zake 20 tu kwa mwezi. Mashine umenunua wewe, iko mezani kwako, halafu unapangiwa. Wateja wakawasha moto mitandaoni mpaka kampuni ikala kona siku chache baadaye. Poa, walirudi nyuma. Lakini ushaona rimoti kashika nani.

Ukitaka cha kishua ila chenye akili, kuna Silhouette Cameo. Ndani yake kuna mkono wa Graphtec wa Japani, na hao plota ndo ugali wao. Programu yake, Silhouette Studio, unaipakua mara moja ukiwa Mbinga mjini kwenye waifai ya watu, ukirudi nyumbani unapiga kazi bila hata kilobaiti. Sehemu ya kushtukia moja tu: toleo la bure halifungui faili za SVG, na dizaini kibao za bure zimekaa kwenye SVG. Wanataka ulipie toleo la juu. Wajanja wanapita mlango wa nyuma: Inkscape, ya bure, inakugeuzia ile dizaini kuwa DXF, Cameo inaipokea bila kuuliza maswali. Kwa masista wa keki, kadi za send-off na maboksi ya zawadi, hii ndo yenyewe. Msibishane na mimi.

Kuna na Brother ScanNCut. Brother ni hao hao wa vyerehani. Ina skana na skrini yake, inakata bila kompyuta. Fundi anayekata maua ya kitenge ashonee kwenye gauni ataipenda kinoma. Wewe wa madigadi, ruka.

Sasa njoo kwa Mchina. Ile plota ndefu yenye miguu, imesimama dukani Kariakoo inakula vumbi. Haina sura. Hakuna atakayeipiga picha aiweke stori. Lakini saizi unayokutana nayo sana inameza mpaka milimita 720, maana yake roli la sentimita 61 linaingia na nafasi inabaki. Stika unanunua kwa mita. Visu vinaingiliana, kikivunjika unapiga simu mjini, kinapanda basi, unakidaka stendi. Hapo ndo anapowaua wengine wote. Mwenye Cricut akivunja kisu anasubiri shangazi arudi na sanduku.

Na simpambi. Mchina ana vituko. Unachomeka USB, laptopu inajifanya haijawahi kumuona. Draiva iko kwenye CD. CD, jamani! Laptopu yako ina mdomo wa CD? Ukishaipata kwingine, unaanza kuisaka namba ya COM, unaichagua kwa mkono kwenye programu, unaweka kasi ya mawasiliano inayoendana na mashine, na ukikosea moja tu plota inakutazama, nawe unaitazama. Uliza pia mota. Stepa ni ya bei chee, ina kelele, na ikizidiwa kwenye kazi ndefu inaruka hatua: mstari unaanzia kwako unaishia kwa jirani. Sevo iko kimya na imenyooka, na bei yake nayo imenyooka kwenda juu. Halafu watakuuzia na jicho la kusoma alama. Hilo ni la kukata kuzunguka picha iliyoprintiwa. Kama wewe ni mtu wa herufi, jicho la nini?

Kabla hela haijaacha mfuko, muuzaji awashe akate mbele yako. Kimraba, ndani yake kipembetatu, saizi ya kucha. Kibandue. Kona zimechongoka na karatasi ya chini haina mkwaruzo mzito? Freshi. Kona zimekuwa mviringo, au pembetatu imeondoka na kipande cha karatasi? Kisu butu, au kimetoka sana, au mgandamizo umezidi. Arekebishe hapo hapo. Akianza "bosi leo umeme mdogo", sepa. Na uvae yeboyebo siku hiyo. Bei ya Kariakoo inasomwa kwenye viatu.

Visu viko kwa nyuzi. 45 ndo wa kila siku. 60 ni wa vitu vinene, zile za kumetameta na za kung'aa usiku. Kuna boya mmoja alikata ya kumetameta kwa kisu cha kawaida, akashinda anachokoa tundu la herufi "a" kwa pini ya mtandio wa dada yake. Tundu moja! Neno lilikuwa "Maharamia".

Umeme sasa. Gridi ya taifa ilipofika Songea 2018 kwa njia ya Makambako, tulijua tumemaliza. Plota yenyewe haina njaa, inakula chini ya wati 100, hata sola yenye inveta ya heshima inaibeba. Ila ukikatika katikati ya kazi, mashine inasahau ilikuwa wapi, na ile mita ya stika unafungia maandazi. Tafuta UPS, hata ya mtumba. Mnyama mwenyewe ni mashine ya kupress tisheti. Ya sentimita 38 kwa 38 inavuta karibu wati 1,500. Ipige saa nzima bila kupumzika, uniti moja na nusu imeyeyuka. LUKU inaanza kulia, mshua anachungulia mlangoni. "Hivi mkasi unakula uniti ngapi?"

Na press huikwepi, kwa sababu mkwanja hauko kwenye madigadi. Uko kwenye tisheti. Kahawa ikishalipwa, huku ni kipaimara, komunyo, send-off, harusi, na kila kamati inataka sare yenye picha ya kikombe au njiwa. Stika ya nguo inataka kama nyuzi 150 mpaka 160, sekunde 10 mpaka 15, fuata maelezo ya roli lako. Na maandishi unayageuza kabla ya kukata, yasomeke kinyume. Mshkaji mmoja, jina nalifukia, hakugeuza. Kamati nzima ikavaa sherehe inayosomeka kwenye kioo tu. Kilichomuokoa ni kamera za mbele: kwenye selfie ilisomeka poa.

Kama mfuko bado mwepesi, usinunue kabisa. Siriasi. Chukua oda hapa, chora kwenye laptopu, tuma faili kwa mkataji wa Songea, roli lirudi na basi, wewe ukae na kuchokoa na kubandika. Msimu mmoja wa hivyo utajua wateja wako ni wa upana gani. Wengine watagundua walikuwa wanapenda rili tu, na shamba bado lipo.

Kubandika nako kuna ufundi. Tenki lenye vumbi jekundu halishiki kitu, lifute na spiriti mpaka kitambaa kitoke kisafi. Juni na Julai, baridi ya Umatengo ikikaza, gundi inagoma. Azima drayer saluni, pasha tenki kidogo. Na washkaji wa Mbamba Bay wanaotaka majina kwenye mitumbwi: mbao mbichi yenye maji haishiki stika, hata uiombe. Kata herufi, toa herufi zenyewe, bandika ile fremu iliyobaki mbao ikiwa kavu, piga rangi juu, bandua. Jina linabaki ziwani miaka.

Kitu kingine. Atakuja mtu usiku, kofia imeshuka, anataka umkatie namba za pikipiki, "ile ya zamani imefutika tu". Mwambie umeme umekatika. Mwambie kisu kimevunjika. Mwambie mkasi si upo.