Kutafuta Neno la Kihispania: Mifano ya Kibaha na Kisarawe

Nomino ya Kiingereza yenye maana nyingi haina tafsiri moja ya Kihispania. Kila maana ina neno lake. Kamusi huyapanga maneno hayo mstari mmoja, na anayeokota la kwanza mara nyingi hukosea. Kwa msemaji wa Kiswahili, njia salama ni kukitaja kwanza kitu chenyewe kwa Kiswahili, ndipo atafute Kihispania chake, maana Kiswahili hutenganisha mambo mengi ambayo Kiingereza huyaita kwa jina moja.

Neno "plant" linafaa kuanza nalo, na mjini Kibaha lina kazi ya kweli. Kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi vya mbu kilichofunguliwa huko mwaka 2015 ni cha Shirika la Maendeleo la Taifa, na teknolojia yake ni ya Labiofam ya Cuba, nchi inayozungumza Kihispania. Kiwanda cha namna hiyo huitwa "fábrica". Mtambo wa kusafisha maji wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ni "planta potabilizadora", na kituo cha kufua umeme ni "central eléctrica". Mmea nao ni "planta", neno ambalo Wahispania hulitumia pia kwa wayo wa mguu na kwa ghorofa ya jengo. Kwa hiyo penye kiwanda na shamba katika habari moja, "fábrica" huondoa utata.

Mtego mkubwa zaidi umo ndani ya kiwanda hichohicho. Bakteria wanaoua viluwiluwi hukuzwa kwanza kwa wingi, na Kiingereza huita zao la ukuzaji huo "culture". Sura ya neno humvuta mfasiri kwenye "cultura", ambalo ni utamaduni, na msomaji wa Havana atabaki akijiuliza utamaduni wa vijidudu ni upi. Neno sahihi ni "cultivo", ambalo ndilo pia la kilimo cha zao lolote: mkulima wa Kisarawe mwenye mikorosho naye ana "cultivo" yake.

Korosho zenyewe zinaleta neno "nut". Kiingereza hulitumia kwa korosho, karanga na hata nati ya kukazia bolti, na ndani ya jina la nazi limo pia. Nati ni "tuerca", wala haihusiani na chakula. Nazi ni "coco". Karanga ni "maní" nchini Cuba, "cacahuate" Mexico na "cacahuete" Hispania. Korosho ni "anacardo" kwa Mhispania, lakini Mcuba husema "marañón", na kwake jina hilo linashika mti na bibo pia, vitu ambavyo Mswahili amevipa majina mbalimbali. Neno "nuez", ambalo kamusi nyingi hulitanguliza, likisimama peke yake humfikisha Mhispania kwenye tunda la mjozi, lisilo na uhusiano na mazao ya Kisarawe. Likiongezwa "moscada" huwa kungumanga. Anayeandikia wanunuzi wa korosho basi aulize kwanza barua inakwenda nchi gani.

Kiswahili hakiokoi kila mara. Kibandiko cha kiuadudu kikisema kwamba dawa haidhuru samaki, Kiingereza na Kiswahili vyote vina neno moja, ilhali Kihispania kina mawili. Samaki anayeogelea katika mto Ruvu ni "pez", kwa wingi "peces"; akishavuliwa na kupelekwa sokoni ni "pescado". Kibandiko kitaandika "peces". Mguu nao ni "pierna" kwa mtu na "pata" kwa mnyama, na meza pia ina "pata". Katika maneno ya aina hii Kihispania kinagawa pale ambapo Kiswahili hakikugawa, kwa hiyo swali la kujiuliza ni hali ya kitu: kiko hai au kimekuwa kitoweo, ni cha mtu au cha mnyama.