Seva Yaitika, Je, Kazi Yatendeka?

Usiku wa tarehe 31 Januari, 2017, fundi mmoja wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu za kompyuta, alikuwa akihangaika na seva ya akiba iliyokuwa imeachwa nyuma na seva kuu ya hifadhidata. Alikusudia kufuta yaliyomo katika ile ya akiba. Kwa bahati mbaya amri hiyo aliitoa kwenye seva kuu. Aling'amua baada ya sekunde moja au mbili, lakini kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimesalia 4.5 tu.

Kosa la namna hiyo laweza kumfika fundi yeyote aliyechoka, nasi hatuna haja ya kumlaumu. Jambo zito zaidi ni lile lililogunduliwa mafundi walipokwenda kutafuta nakala za akiba, ambazo zilipaswa kutengenezwa kila siku. Ghala la nakala lilikutwa tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2, ilhali hifadhidata ya PostgreSQL ilikuwa ya toleo la 9.6, hivyo kazi ilishindikana kila ilipoanzwa. Barua pepe za kuarifu kushindwa huko zilitumwa, nazo zikakataliwa na mtambo wa kuzipokea kwa kukosa saini iliyotakiwa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi alikuwa ameichukua kwa mkono wake yapata saa sita kabla ya mkasa, kwa shughuli nyingine kabisa. Hata hivyo zilipotea kumbukumbu za miradi ipatayo 5,000, maoni yapatayo 5,000 na za wanachama wapya wapatao 700.

Kasoro kama hiyo haionekani kwa kuiuliza seva kama i hai. Anayeweka programu ya uangalizi kama Nagios, iliyotolewa mwaka 1999 na Mmarekani Ethan Galstad kwa jina la NetSaint, hupata ukaguzi wa kawaida uliokwisha andikwa: je, seva yaitika? Diski imejaa kiasi gani? Maswali hayo ni ya lazima, lakini hufanana na karani wa mahudhurio anayeita majina asubuhi. Yeye hajui kama aliyeitika ana kazi mkononi. Swali la kazi yenyewe hapana budi liandikwe na mwenye kazi.

Kuliandika si kugumu. Programu ndogo, katika lugha yoyote, hutoa mstari mmoja wa maelezo, kisha humaliza kwa namba: 0 ni salama, 1 ni tahadhari, 2 ni hatari, na 3 ni haijulikani. Kwa nakala za akiba zinazotengenezwa kila siku, programu hiyo hutafuta faili jipya kuliko yote ghalani. Likiwa na umri wa zaidi ya saa 26, au likiwa dogo mno kuliko la jana, hutoa 2. Aliye makini zaidi huirejesha nakala hiyo katika mashine nyingine na kuhesabu kumbukumbu zilizomo, maana faili kubwa nalo laweza kuwa bovu.

Namba 3 ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Katika Linux, skripti ya kawaida humaliza kwa namba ya amri yake ya mwisho. Ikiwa ilishindwa kulifikia ghala, lakini amri ya mwisho ilikuwa ya kuandika maneno tu, itatoa 0, na taa itawaka kijani juu ya kitu ambacho hakikuangaliwa. Aidha, mwandishi huijaribu skripti kwa mamlaka yake mwenyewe, kisha huiachia programu ya uangalizi isiyo na ruhusa ya kulifungua faili lile lile.

Kwa upande wa mashine pepe, yaani zile nyingi zinazoishi ndani ya kompyuta moja, kumuuliza mpangaji peke yake hakutoshi. Mashine kumi zaweza kuahidiwa gigabaiti 100 kila moja juu ya diski yenye gigabaiti 600. Kila moja itajibu kwamba ina nafasi tele, na hakuna itakayosema uongo kwa kadiri ijuavyo. Lakini diski ya mwenye nyumba ikijaa, zote zitakwama kwa pamoja. Kwa hiyo ukaguzi mmoja uandikwe kwa ajili ya mwenye nyumba, ujumlishe ahadi zote na kuzilinganisha na diski iliyopo.

Linabaki suala la zile barua zilizokataliwa. Dawa yake ni kuugeuza utaratibu: kazi ya kunakili ipeleke ishara kila inapofaulu, na mashine nyingine, iliyo mahali pengine, ipige kengele saa ya ishara ipitapo kimya.