Ajali za Bodaboda Turkana: Majaaliwa au Mwenendo?

Methali isemayo kwamba ajali haina kinga hutajwa mara nyingi bodaboda inapoanguka katika barabara ya Lodwar kwenda Kakuma au kwenye njia za mchanga zielekeazo Kerio, ilhali wataalamu wa usalama barabarani huiona ajali kuwa matokeo ya sababu kadhaa zinazofuatana, ambazo mojawapo ikiondolewa, msiba huepukika au hupungua ukali.

Sababu iliyo mikononi mwa mwendeshaji kuliko zote ni kasi. Anayekwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kwa sekunde moja, ambayo ni takriban muda wa kuona hatari na kukamata breki. Akienda kilomita 80 hupita mita 22, na masafa ya kusimama baada ya breki kushika huongezeka mara nne, si mara mbili. Hayo ndiyo yanayoamua kama mbuzi anayechomoza ghafla kwenye vichaka vya mathenge atakwepwa au atagongwa. Katika lagga, yaani mkondo wa mto wa msimu, breki ya mbele inayotegemewa sana kwenye lami huweza kufunga gurudumu na kuiangusha pikipiki, hivyo mwendo hupunguzwa kabla ya kuingia mchangani.

Hata hivyo, si kila kosa ni la mwendeshaji. Utafiti wa Harry Hurt uliochapishwa Marekani mwaka 1981 ulionyesha kwamba, pale pikipiki ilipogongana na gari, takriban theluthi mbili ya ajali zilitokana na dereva wa gari kutoipisha pikipiki yenye haki ya njia. Ndiyo maana hufundishwa uendeshaji wa kujihami, ambao ni kutarajia kosa la mwingine, kuwasha taa hata mchana na kujiachia nafasi ya kukwepa.

Sheria ya Trafiki ya Kenya inamruhusu mwendeshaji kubeba abiria mmoja tu na inadai helmeti, ambayo haizuii ajali, lakini hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42. Lakini aliyekodishiwa pikipiki na kudaiwa hesabu ya fedha kila jioni hushawishika kukimbia na kupakia wawili. Kwa hiyo mwenye pikipiki anayepanga hesabu hiyo, sawa na abiria anayehimiza mwendo, naye ana sehemu yake katika kuikinga ajali.